Kifurushi Kinachokula Kifurushi: Kuchagua Meneja wa Vifurushi wa Kompyuta Yako

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba leo unamfundisha kuchagua meneja wa vifurushi, atakuuliza ni wa mtandao gani na kwa buku anatoa GB ngapi. Hana kosa, maana neno kifurushi tumeshalikabidhi kwa kampuni za simu. Kwa watu wa kompyuta, kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, tayari kuwekwa kwenye mashine. Meneja wa vifurushi ndiye anayekwenda kukichukua, anakikagua, anakiweka mahali pake, anakisasisha, na siku ukikichoka anakiondoa bila kuacha takataka. Maana hizi mbili hukutana mahali panapouma: kila kifurushi cha kompyuta kinakula kifurushi cha simu.

Aliyenifanya niandike ni mpwa wangu anayesoma UDOM. Alinijia Jumapili moja nyumbani Nkuhungu na laptopu aliyoinunua mtumba. Windows 10 iliyokuwemo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 ilikataa kuingia kwa sababu mashine haina ile chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Wenzake wa hosteli wakamshauri aweke Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kisha wakaanza kugombana mbele yake. Mmoja akasema atumie apt basi, mwingine akasema mambo ya kisasa ni Flatpak, wa tatu akaisifia Snap. Wa nne, na kila hosteli ina mtu wa namna hii, akamwambia kama yeye ni mwanaume kweli aweke Arch, moja ya aina za Linux.

"Shikamoo mjomba. Sasa hapo ipi ni bora?"

"Marahaba. Bora kwa nani, na kwa bando la nani?"

Alicheka, ila mimi sikuwa natania. Wale vijana walikuwa wanachanganya maswali matatu: nani amefunga mzigo, mzigo unabadilishwa mara ngapi, na ukifika kwako unakaa peke yake au unashirikiana na mingine. Ukiyatenganisha, linalobaki la kuchagua ni dogo kuliko kelele zake.

Enzi za flashi ya fundi

Wengi wetu tulikulia kwenye Windows, na kwenye Windows ya zamani programu haikuwa na kwao. Ilikuja kwenye flashi ya fundi, ndani ya folda yenye jina kama "Soft Mpya", pamoja na kraki yake na virusi vyake. Au uliitafuta mtandaoni, ukabofya kitufe kikubwa cha kijani ambacho kumbe ni tangazo, ukaletewa vikorokoro usivyoviomba. Kuanzia siku hiyo programu ile ni yatima. Ikigundulika ina tundu la usalama hakuna wa kukuambia, isipokuwa iwe na kijidude chake cha kuchungulia matoleo mapya, kinachoamka kila unapowasha mashine. Programu kumi za hivyo ni vijidude kumi vinavyokunywa bando kimyakimya.

Watu wa Linux walishika njia nyingine mapema. Ian Murdock alipoanzisha Debian, moja ya aina za Linux, Agosti 1993, nia ilikuwa kukusanya programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote), kuzifunga zote kwa utaratibu mmoja na kuziweka kwenye ghala moja. Mwaka uliofuata ikaja `dpkg`, programu ya kufungua vifurushi hivyo na kuandika kwenye daftari kila faili imewekwa wapi. Red Hat nao mwaka 1995 wakatoka na RPM yao, kwa wazo lilelile.

Hilo daftari ndilo roho ya mambo yote. Ukitaka kujua faili fulani ni ya nani, unauliza. Ukiandika `dpkg -S` na jina la faili, unajibiwa ni ya kifurushi gani. Ukitaka kuondoa programu, daftari linajua kila kilichokuja nayo. Fundi mwenye flashi hana daftari, ana kumbukumbu tu, na kumbukumbu yake siku ya shida iko Kibaigwa kwenye msiba.

Lakini `dpkg` ni kuli. Ukimpa mzigo anaupanga, na akikuta mzigo huo unahitaji kingine ambacho hakipo, analalamika na kukuachia kazi. Karani anayejua vitu viko wapi na nini kitangulie alikuja mwaka 1998, jina lake APT. Fedora wana karani wao, `dnf`. Arch wana `pacman`, aliyeanza mwaka 2002. OpenSUSE wana `zypper`. Kwa mtumiaji wa kawaida tofauti zao ni kama Kiunguja na Kimvita. Huyu anasema `apt install gimp`, yule anasema `dnf install gimp`, mwingine `pacman -S gimp`, na wote wanakuletea programu ileile ya kuhariri picha.

Kwa hiyo wale vijana walipomwambia mpwa wangu achague apt, kwa kweli walikuwa wanamwambia achague Debian au mmoja wa watoto wake, kama Ubuntu na Linux Mint. (Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, ilipewa jina na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth. Ni neno la ndugu zetu wa kusini ambalo sisi tunaliita utu. Najua halihusiani na bando, nimelipenda tu.) Meneja wa msingi anakuja na mfumo, huendi kumnunua peke yake. Unachochagua ni ghala, na watu wanaolisimamia.

Maji ya Mzakwe na simtanki

Hakuna programu inayojitosheleza. Kisomaji cha PDF kinahitaji maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu nyingi huutumia) ya kuchora herufi, ya kufungua picha, ya kubana data. Programu ya barua pepe inahitaji OpenSSL au ndugu yake ili mazungumzo yake na seva yasisikilizwe na wapitanjia. Vitu hivi tuviite vitegemezi, na hapa ndipo ugomvi wote wa apt na Flatpak ulipo.

Mtu wa Dodoma huelewa haraka nikimtolea mfano wa maji. Mji wetu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Mzakwe. Chanzo ni kimoja, mabomba yanakwenda nyumba zote. Ndivyo apt anavyofanya kazi: maktaba inawekwa mara moja, programu mia zinachota hapohapo. Nafasi kwenye diski inaokolewa, bando linaokolewa, na kubwa zaidi, chanzo kikisafishwa wote wanapata maji safi siku hiyohiyo. Aprili 2014 lilipotangazwa tundu la OpenSSL lililoitwa Heartbleed, mwenye Debian alisasisha vifurushi vya OpenSSL, akawasha upya huduma zilizokuwa zinavitumia, basi. Programu zenyewe hazikuguswa hata moja.

Ubaya wa bomba moja unaujua pia. Programu hii inataka toleo jipya la maktaba, ile imeandikwa kwa toleo la zamani, na bomba halitoi maji ya aina mbili. Wafungashaji wa Debian wanatumia muda mwingi kuhakikisha vyote vilivyomo ghalani vinakunywa kutoka bomba moja bila kugombana. Ndiyo sababu toleo jipya la programu linaweza kutangazwa leo na wewe usilione ghalani mpaka Debian inayofuata, na Debian hutoka takriban kila miaka miwili.

Flatpak na Snap wakasema: kila mtu aweke simtanki lake. Programu inakuja na vitegemezi vyake ndani, haijali mfumo wako una nini. Mwenye Mint, mwenye Fedora na mwenye Debian ya mwaka juzi wote wanapata toleo lilelile jipya. Tena inawekewa uzio: programu ya Flatpak haioni faili zako zote ovyo, inaona ilizoruhusiwa. Kwa programu kubwa zinazobadilika haraka, kama za kuhariri video au za mikutano ya mtandaoni, simtanki ni msaada wa kweli.

Ila simtanki lina gharama zake. Kwanza unalinunua. Flatpak imekaa katikati kidogo: nyumba kadhaa zinashirikiana tanki kubwa, yaani msingi wa pamoja ambao programu nyingi husimama juu yake, na msingi huo peke yake ni mamia ya MB. Mpwa wangu alitaka programu ndogo ya kuandika maelezo ya darasani. Programu yenyewe ilikuwa nyepesi, ila ilikuja na msingi, na msingi ukala bando la wiki. Programu ya pili na ya tatu zinazotumia msingi uleule zitakuwa rahisi. Lakini ikija ya nne inayotaka toleo jingine la msingi, unanunua tanki jingine. Pili, tanki lisiposafishwa ni wewe unayekunywa tope. Maktaba ikipatikana na tundu, apt anaitengeneza kwa wote, lakini nakala iliyofungwa ndani ya Flatpak au Snap inamsubiri aliyeifunga.

Snap ina mambo yake ya ziada. Duka lake ni moja tu, linaendeshwa na Canonical, kampuni ya Ubuntu, na seva yake si huria. Hilo liliwakera Linux Mint kiasi kwamba kuanzia toleo la 20, mwaka 2020, waliizuia isiingie bila mwenye mashine kuiruhusu mwenyewe. Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi: kwenye Ubuntu tangu 22.04, ukiandika `apt install firefox` unaletewa Snap. Umeagiza kwa karani huyu, mzigo ukaletwa na yule. Tena kwa mazoea yake Snap huchungulia masasisho mara nne kwa siku na kuyapakua bila kukuuliza. Mwenye waya wa faiba nyumbani haoni tatizo. Anayetumia simu yake kama ruta, siku moja ataamka akute bando la usiku limekwisha na hajui nani kalila. Dawa ipo: `sudo snap refresh --hold` inasimamisha masasisho mpaka wewe mwenyewe uamue. Usisahau tu kwamba ulisimamisha.

AppImage sizungumzi sana. Ni faili moja, unaiweka kwenye flashi, unairuhusu iendeshwe, unabofya. Hakuna meneja, hakuna daftari. Kwa kazi ya siku moja inafaa sana, kwa mwaka mzima umerudi kwa fundi wa flashi.

Anayetaja bei kwanza

Kwa mtu anayenunua intaneti kwa vipande vipande, mimi kipimo changu cha kwanza ni adabu ya karani: anataja bei kabla ya kukupa mzigo? Apt akiona kwamba programu uliyoomba italeta vitu vingine, anaorodhesha vyote, anakuambia MB ngapi zitapakuliwa na nafasi gani itatumika kwenye diski, kisha anasubiri useme ndiyo. Dnf naye ana adabu hiyo, na Flatpak pia ukiitumia kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Snap haiulizi, inaanza.

Na hata apt unaweza kumbana. Kwa mazoea yake analeta na vitu ambavyo mfungashaji amevipendekeza, si vya lazima. Ukiongeza `--no-install-recommends` anakuletea vya lazima tu. Nimeona orodha ikipungua nusu kwa maneno hayo. Usiifanye sheria ya kila siku, kwa sababu mara nyingine kilichopendekezwa ndicho kinachofanya printa ikubali, lakini mwisho wa mwezi ni silaha nzuri.

Sasa tumfikirie yule wa Arch. Mfumo wake haukai kwenye matoleo, unatiririka: kila siku kuna vipya ghalani na unatarajiwa kwenda nao. Siubezi, maandishi yao ya maelekezo nayasoma hata mimi nisiyeutumia. Lakini mpwa wangu likizo anakwenda kwa bibi Kondoa, miezi miwili au mitatu, na huko anatumia mtandao wa kupanda kichuguu. Akirudi Arch itamdai masasisho ya miezi yote kwa mpigo, na huenda funguo za kuthibitisha saini za wafungashaji zilizomo kwenye mashine yake zimeshapitwa na wakati, hivyo meneja akakataa vifurushi vipya mpaka asasishe kwanza kifurushi cha funguo. Wala hawezi kusema achukue kimoja tu na kuacha vingine, maana Arch wenyewe hawaungi mkono kusasisha nusunusu. Ubuntu 24.04, kwa upande wake, inapata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano tangu Aprili 2024, na ukikaa miezi mitatu bila kuigusa unaikuta ulivyoiacha, na deni la kiasi.

Hapa lazima nieleze jambo linalowapotosha wengi. Mtu anaona Debian ina toleo la programu la mwaka juzi, anasema ni bovu. Wafungashaji hawabadilishi toleo, wanachukua kiraka cha usalama peke yake na kukishona kwenye toleo lilelile. Namba inaonekana ya zamani, tundu limeshazibwa. Na kiraka ni chepesi kwa bando.

Utaratibu huo uliwahi kuokoa wengi. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba kwenye XZ, programu ya kubana data inayotumika kila mahali, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa na mlango wa siri. Aligundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, na yeye si mtu wa kupuuza nusu sekunde. Aliyeupachika alikuwa amejiita Jia Tan, na alikuwa amejenga uaminifu kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili kama mchangiaji mwema. Maghala yanayokimbia, kama Debian ya majaribio, Fedora Rawhide na openSUSE Tumbleweed, yalikuwa yameshapokea mzigo. Debian tulivu ilikuwa bado. Ghala la polepole ni chekeche: linachelewesha vizuri, linachelewesha na vibaya.

Ona pia kwamba saini za kidijitali hazikusaidia pale. Saini inathibitisha kwamba kifurushi kimetoka ghalani na hakikuchezewa njiani, haithibitishi kwamba aliyekiandika ni mtu mwema. Ndiyo maana nasita sana mtu anaponiambia ongeza ghala hili la pembeni ili upate toleo jipya. Ukiongeza ghala na ufunguo wake, umempa mwenye ghala ruhusa ya kuingiza chochote kwenye mashine yako akiwa na mamlaka ya mwenye nyumba. Kwa kampuni unayoijua na programu unayoihitaji kweli, sawa. Kwa kichwa cha habari cha YouTube, hapana.

Wa Windows na wa Mac

Si kila mtu anahama. Kompyuta ya ofisini kule Mtumba, Mji wa Serikali, itabaki na Windows, na huko nako meneja yupo siku hizi. Microsoft walitangaza `winget` Mei 2020, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka uliofuata. Kwenye Windows 11 kwa kawaida unaikuta imeshawekwa. Ila usiifananishe na apt. Winget hana ghala, ana daftari la anwani. Ukimwomba VLC anasoma maelezo yaliyoandikwa, anakwenda kwa waliotengeneza VLC, anapakua faili yao ileile ambayo ungeipakua wewe, analinganisha alama yake na ile iliyoandikwa kwenye daftari, kisha anaiweka. Hakuna bomba la pamoja, kila programu inakuja na matanki yake kama ilivyokuwa siku zote. Kusasisha maana yake mara nyingi ni kupakua programu nzima upya. Hata hivyo, amri moja ya `winget upgrade` inayokuonyesha vyote vilivyopitwa na wakati inashinda kabisa vile vijidude kumi, na inamfanya fundi wa flashi atafute kazi nyingine.

Chocolatey ilitangulia, tangu 2011, na bado inapendwa na wanaosimamia mashine nyingi. Scoop inaweka programu ndani ya folda yako bila kuhitaji nywila ya msimamizi, jambo tamu kwenye kompyuta ya ofisi, na kwa sababu hiyohiyo waulize kwanza watu wa TEHAMA wa ofisi yako.

Kwenye Mac wengi wanatumia Homebrew ya Max Howell, ya mwaka 2009. Inafaa, lakini inahudumia kikamilifu matoleo matatu ya karibuni tu ya macOS. Ukiwa na Mac ya zamani, baadhi ya programu hazina kifurushi kilichopikwa tayari, itabidi zipikwe kwako kutoka kwenye msimbo, na feni itaunguruma mpaka jioni. Mwenye Mac ya hivyo aangalie MacPorts, iliyoanza mwaka 2002, maana yenyewe haiwasahau wazee haraka.

Kuna na Nix, iliyotokana na utafiti wa Eelco Dolstra kule Uholanzi. Inaweka kila toleo la kila kitu kwenye chumba chake, na ukiharibu unarudi jana kwa amri moja. Kama mtu wa fani naivulia kofia. Kama mjomba, sikuthubutu kumpa mpwa mwenye diski ya GB 128.

Manahodha wengi

Nilimwekea Linux Mint. Apt kwa kila kitu, Flatpak kwa programu mbili ambazo ghala lilikuwa na matoleo ya zamani mno. Nikamwambia asiongeze wa tatu. Wiki mbili baadaye akarudi.

"Mjomba, kompyuta inanichanganya. Nikifungua kazi yangu kwa huku flashi haionekani, nikifungua kwa kule inaonekana."

Alikuwa na LibreOffice mbili. Moja ilikuja na Mint kwa apt, nyingine ameletewa na rafiki kwa njia ya Flatpak "kwa sababu ni mpya". Ya Flatpak iko ndani ya uzio, na uzio wenyewe walikuwa wameshauchezea wakifuata maelekezo ya mtandaoni, hata flashi ikabaki nje. Mapendeleo ya huku hayako kule. Kila moja inasasishwa na bwana wake, na kila bwana ana daftari lake lisilojua la mwenzake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tuliandika `flatpak list`, tukailinganisha na ya apt, tukaondoa pacha mmoja. Sheria niliyompa ni fupi: programu moja, bwana mmoja. Meneja wawili kwenye mashine hawana neno ilimradi hawashiki kitu kimoja.

Kwa wanafunzi wa kompyuta niongeze hili: `pip` na `npm` ni mameneja wa waandishi wa programu, kwa ajili ya vipande vya msimbo ndani ya mradi. Hawachaguliwi badala ya apt. Kuanzia Debian 12, ukijaribu kutumia `pip` kuweka vitu vya Python kwenye mfumo mzima unakataliwa kwa maelezo kwamba mazingira yale yana msimamizi mwingine. Wengi wanatafuta namna ya kulazimisha. Usilazimishe. Tengeneza mazingira ya mradi kwa `python3 -m venv`, uvunje humo utakavyo.

Umeme ukikatika katikati

Hili maandishi ya ughaibuni hayalitilii mkazo. Unasasisha kompyuta ya mezani isiyo na UPS, karani amefika kifurushi cha arobaini kati ya tisini, giza. Ukiwasha, apt anakataa kila kitu. Nimewahi kuletewa mashine iliyofutwa yote na kuwekwa upya kwa sababu hiyo, faili za mwenyewe zimekwenda, wakati apt mwenyewe alikuwa ameandika dawa kwenye kioo: `sudo dpkg --configure -a`. Kwa kuwa kuna daftari, kuli anajua aliishia wapi, anamalizia. Baada yake `sudo apt -f install` kama bado kuna upungufu. Mara chache nimeona haya mawili yakishindwa. Flatpak hapa ina nafuu zaidi, maana toleo jipya linaandaliwa pembeni na la zamani haliguswi mpaka jipya likamilike.

Mwenye steshenari mmoja Makole yeye alikuwa na tatizo la bando zaidi ya umeme. Kompyuta nne, zote Mint, na kila mwezi masasisho yaleyale yanapakuliwa mara nne. Kuna njia ya kubeba vifurushi kwa flashi: `apt-get` huviacha kwenye `/var/cache/apt/archives` baada ya kuviweka, tofauti na `apt` ambayo huvifuta, kwa hiyo unaweza kuvinakili kwenda mashine nyingine ya mfumo uleule. Lakini kwa mashine nne zilizo kwenye ruta moja kuna kilicho bora, `apt-cacher-ng`. Unakiweka kwenye mashine moja, nyingine unaziandikia kwenye faili ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/` kwamba zipitie kwake, mlango namba 3142. Kinachopakuliwa na mmoja kinabaki pale, wenzake wanachota kwa waya wa ndani.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi jioni baada ya wateja kuisha. Nikasasisha ya kwanza, yeye amesimama na simu akiangalia salio la MB likishuka. Nikaenda ya pili, ya tatu.

"Fundi, hizo nyingine zimekula ngapi?"

"Hazijala kitu, mama. Orodha tu kidogo."

Akaangalia simu tena, akaiweka mezani.

"Basi na ile ya mlangoni iunganishe leoleo. Umeme huu haujulikani."